Mjomba ananiita Marekani nikasome primedi, mama anataka MD ya hapa hapa

SWALI

Shikamoo Bi Mshauri,

Natumaini u mzima. Mimi ni binti wa miaka 19, naishi Makorora, Tanga mjini. Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, tahasusi ya PCB, na matokeo ndiyo yametoka: Kemia B, Bayolojia B, Fizikia C. Nataka udaktari, hilo nyumbani halina mjadala. Mjadala ni njia ya kupita.

Mjomba wangu, kaka yake mama, anaishi Minnesota. Alinisaidia kuomba chuo kimoja kidogo huko, nami nimekubaliwa kusoma Bayolojia kuanzia Januari. Mjomba anasema hiyo ndiyo primedi: nasoma miaka minne, halafu naingia moja kwa moja chuo cha udaktari. Gharama zote za mwaka, yaani ada, chumba, chakula na bima, ni dola 56,000. Chuo kimenipa punguzo la dola 30,000 kila mwaka, na mjomba anasema iliyobaki atalipa yeye, "mengine tutayaona mbele ya safari". Yeye ni dereva wa lori na ana watoto watatu.

Mama hataki hata kusikia. Anasema niombe MD, yaani shahada ya udaktari, hapa nchini na mkopo wa Bodi, nikimaliza nitibu watu wetu. Baba amestaafu bandarini na kauli yake ni moja: mtakavyokubaliana.

Naomba unifafanulie. Primedi ni kitu gani hasa, na nikienda nisome nini? Nikirudi na shahada hiyo nitaruhusiwa kutibu? Na nikibaki, nitakuwa nimejifungia Marekani maisha? Chuo kinataka amana ya dola 400 kabla ya mwezi kwisha.

Pia rafiki yangu tuliyesoma naye ana Kemia B, Bayolojia C na Fizikia E. Naye anauliza kama udaktari kwake ndiyo basi.

M., Makorora, Tanga


JIBU

Marahaba, mwanangu. Hongera kwa matokeo.

Primedi si shahada, na hakuna chuo kinachotoa cheti chenye jina hilo kama kinavyotoa cha ualimu au uhandisi. Marekani udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza. Kwanza miaka minne ya shahada yoyote, kisha miaka minne ya chuo cha udaktari, kisha mafunzo ya ubingwa hospitalini, miaka 3 kwa tiba ya ndani au ya watoto, na 7 kwa upasuaji wa ubongo. Anayejiandaa kuomba chuo cha udaktari ndiye huitwa mwanafunzi wa primedi. Anaweza kuwa anasoma Bayolojia, anaweza kuwa anasoma Historia au Muziki, mradi apitie masomo ambayo vyuo vya udaktari vinayadai.

Hapo ndipo mjomba amepitiwa. Ukishapata shahada huingii popote moja kwa moja. Unaomba upya, pamoja na waombaji zaidi ya 50,000 wa mwaka huo, kwa nafasi ambazo ni kama 23,000. Kati ya kila kumi wanaoomba, sita hivi wanarudi nyumbani mikono mitupu, na hao wengi wao ni raia wa huko huko.

Kwa mgeni mwenye viza ya mwanafunzi, iitwayo F-1, ambayo ndiyo ungepewa wewe, mlango ni mwembamba zaidi. Vyuo vingi vya udaktari vya Marekani havipokei kabisa mwombaji asiye raia wala mkaazi wa kudumu. Vile vya majimbo hupendelea watu wa jimbo lao kwa kuwa vinaendeshwa kwa kodi zao. Vichache vinavyopokea wageni, baadhi vinadai uonyeshe fedha ya mwaka mzima, vingine ya miaka yote minne, ikiwa imekaa benki kabla hujaanza. Sababu ni kwamba mgeni hapati mkopo wa serikali ya Marekani, na chuo hakitaki mwanafunzi akwame katikati. Ada peke yake katika vyuo binafsi vya udaktari hupita dola 60,000 kwa mwaka.

Sasa tupige hesabu ya barua yako, maana ndiyo inayoamua. Ukitoa 30,000 kwenye 56,000 inabaki 26,000. Mara miaka minne ni dola 104,000, na tukikadiria dola moja kwa shilingi 2,500, hiyo ni shilingi milioni 260. Halafu ada hupanda karibu kila mwaka, lakini punguzo lililoandikwa kwa kiasi maalumu cha dola hubaki palepale, kwa hiyo pengo la mwaka wa nne litakuwa kubwa kuliko la mwaka wa kwanza. Ongeza tiketi, vitabu na nguo za baridi (Minnesota si mahali pa kwenda na sweta la Lushoto). Viza ya F-1 inakuruhusu kufanya kazi ndani ya chuo saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo. Ujira huo unanunua sabuni na vocha, haulipi ada. Na hapo hujagusa hata senti ya chuo cha udaktari chenyewe.

Simvunjii mjomba heshima. Dereva wa lori mwenye watoto watatu akisema atalipa dola 26,000 kila mwaka kwa miaka minne mfululizo, anaahidi kwa mapenzi. Lakini lori likiharibika au yeye akiugua mwaka wa tatu, wewe ndiye utakayekuwa na krediti 70 (vipimo vya masomo uliyofaulu) zisizokamilisha shahada, na viza inayokudai uwe darasani. Hali hiyo ndiyo ninayoiogopa kuliko kushindwa mtihani.

Umeuliza ungesoma nini. Nitakujibu kwa kirefu, kwa kuwa wapo wasomaji wengine waliopata ufadhili kamili nao wanakwenda.

Vyuo vya udaktari vingi vinataka mwaka mzima wa bayolojia, mwaka mzima wa kemia ya jumla, mwaka mzima wa kemia ogania na mwaka mzima wa fizikia, vyote pamoja na maabara. Juu yake semista moja ya biokemia, takwimu, uandishi wa Kiingereza, na siku hizi saikolojia na sosholojia, kwa sababu mtihani wa kuingilia unazipima tangu ulipobadilishwa mwaka 2015. Mpangilio wake una mnyororo: kemia ya jumla ya kwanza, ya pili, ogania ya kwanza, ya pili, ndipo biokemia. Hiyo ni semista tano zinazofuatana, na kila moja ni ufunguo wa inayofuata. Sasa tazama tatizo la kuanza Januari. Vyuo vidogo vingi hufundisha sehemu ya kwanza ya kemia na bayolojia mwezi Agosti tu. Ukifika Januari unakuta wenzako wako sehemu ya pili, unapewa masomo ya kujazia, mnyororo unaanza Agosti, na mwaka mmoja unaweza kusogea mbele wote. Mwaka huo ni dola 26,000 nyingine.

Kuna mtego mwingine unaowanasa waliosoma kidato cha sita kwa mtaala wa kwetu. Chuo kinaweza kuangalia cheti chako cha NECTA kikakupa krediti za bure za bayolojia na kemia ya mwaka wa kwanza. Inafurahisha, kwa sababu inaokoa ada. Lakini vyuo vya udaktari vingi vinataka masomo hayo yawe yamefanyika katika chuo cha Marekani au Kanada, yenye maabara na alama inayoonekana kwenye transkripti. Ukizikubali krediti hizo, ni lazima uzifidie kwa masomo ya juu ya fani ileile, kama fiziolojia, jenetiki au kemia ya uchambuzi. Usipofidia, unaweza kufika wakati wa kuomba huku una nafasi tupu pale panapotakiwa kemia.

Kuhusu alama, wanatumia GPA ya 4.0: A ni 4, B ni 3, C ni 2. Wanaochaguliwa wana wastani wa karibu 3.8. Chukua semista ya krediti 15, kemia ikiwa na krediti 4. Ukipata A kwingine kote na C ya kemia, wastani wako wa semista ni 3.47. Mbaya zaidi ni mwaka wa kwanza ukienda kombo. Ukimaliza krediti 30 za mwanzo kwa wastani wa 3.0 na unataka kuhitimu krediti 120 ukiwa na 3.7, krediti 90 zilizobaki unatakiwa uzipate kwa 3.93, yaani karibu A tupu miaka mitatu, kemia ogania ikiwemo. Na kurudia somo hakufuti la kwanza: mfumo mkuu wa maombi wa vyuo vya udaktari, unaoitwa AMCAS, unahesabu alama zote mbili, na unatoa wastani wa pekee wa bayolojia, kemia, fizikia na hisabati ili mtu asijifiche nyuma ya A za masomo mepesi.

Mwanafunzi wa PCB haangushwi na ugumu wa mada. Mada nyingi za mwaka wa kwanza amezipitia kidato cha tano na cha sita, na mara nyingine kwa undani zaidi. Kinachomwangusha ni utaratibu. Hapa tumezoea mtihani mmoja mkubwa wa mwisho, mtu anakesha mwezi mmoja na anatoka. Kule alama zimesambazwa: jaribio la kila wiki, kazi za nyumbani, ripoti za maabara, mitihani miwili au mitatu ya katikati. Anayesubiri "kukaza" mwishoni anakuta nusu ya alama zimeshapita. Halafu akiona mambo mabaya anaacha somo, na akishuka chini ya krediti 12 bila idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni, viza yake inakuwa imevunjwa masharti. Kwa hiyo semista ya kwanza ni masomo mawili tu yenye maabara, kamwe si matatu, na usikaribie kabisa mpaka wa krediti 12.

Mtihani wenyewe wa kuingilia chuo cha udaktari ni MCAT. Una sehemu nne: kemia na fizikia ya mwili, usomaji wa kina, bayolojia na biokemia, saikolojia na sosholojia. Sehemu tatu zina maswali 59 kila moja kwa dakika 95, na ya usomaji ina maswali 53 kwa dakika 90. Jumla ni maswali 230, na pamoja na mapumziko unakaa pale zaidi ya saa saba. Kikokotoo hakiruhusiwi, kwa hiyo logi na vipeo unavifanya kwa kichwa na kalamu. Alama ni kuanzia 472 hadi 528, na wanaoingia vyuoni wana wastani wa karibu 512. Sehemu inayowaumiza wanafunzi wetu ni ya usomaji, kwa kuwa haina mada ya kukariri. Unapewa makala ya falsafa au sanaa ya Kiingereza kizito na unaulizwa mwandishi anamaanisha nini. Dawa yake ni kusoma makala ndefu kila siku tangu mwaka wa kwanza, miezi mitatu ya mwisho haitoshi. Huo mtihani hufanywa majira ya Aprili au Mei ya mwaka wa tatu, maombi yanapelekwa Juni, na masomo yanaanza Agosti ya mwaka unaofuata. Ada ya maombi inapita dola 170 kwa chuo cha kwanza na dola 40 kwa kila cha ziada, na watu huomba vyuo 15 na zaidi, ambavyo navyo baadaye vinatoza ada zao za fomu ya pili.

Zaidi ya hayo wanataka uwe umekaa hospitalini ukiona kazi inavyokwenda, umefanya utafiti kidogo, na una barua za mapendekezo, kwa kawaida mbili za maprofesa wa sayansi na moja ya mwalimu wa fani nyingine. Barua nzuri haiandikwi na profesa wa darasa la watu 200 asiyekujua jina. Hapo tu chuo kidogo kina faida.

Umeuliza kama ukirudi utaruhusiwa kutibu. Hapana. Shahada ya Bayolojia haimfanyi mtu daktari, popote pale. Anayesajili madaktari Tanzania Bara ni Baraza la Madaktari Tanganyika, nalo linaangalia shahada ya udaktari na utarajali, yaani mafunzo ya kazi hospitalini baada ya shahada. Ukirudi baada ya miaka minne ukitaka MD, utaomba kwa matokeo haya haya ya kidato cha sita uliyonayo leo mkononi na kuanza mwaka wa kwanza. Na hapo utakutana na jambo ambalo wengi hawalifikirii: miongozo ya Bodi ya Mikopo humtaka mwombaji awe amemaliza kidato cha sita ndani ya miaka mitano iliyopita. Miaka minne ya shahada na mwaka mmoja wa kusuasua kuomba vyuo vya udaktari, muda wako wa mkopo umekwisha.

Sasa tuangalie upande wa mama. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Wewe una 11. Mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kwa MD unataka ufaulu wa Fizikia, Kemia na Bayolojia, kila moja isipungue D, na jumla isipungue pointi 6. Sifa unazo na zinazidi. Lakini sifa ya chini ni ya kukuruhusu kuomba tu, nafasi zinagombewa, na Muhimbili ndiko kila mwenye A tatu anakokimbilia. Usiombe huko peke yake. Weka pia Dodoma (UDOM), Bugando kule Mwanza, KCMC kule Moshi, Chuo cha Mtakatifu Fransisko Ifakara na kampasi ya afya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoko Mbeya. Ada za vyuo binafsi ni mara kadhaa ya zile za serikali, kwa hiyo pigeni hesabu ya pengo kama tulivyofanya ya Minnesota, kwa sababu mkopo haulipi lazima ada yote.

Omba dirisha la kwanza. Wanaosubiri la pili na la tatu wanakuta MD imejaa. Ukichaguliwa na chuo zaidi ya kimoja, utatumiwa namba ya kuthibitisha, nawe unachagua kimoja ndani ya muda uliotajwa. Kila mwaka wapo wanaopoteza nafasi kwa sababu laini waliyojaza kwenye fomu ni ya kaka na imezimwa.

Mkopo nao una mahali pake pa kukwamia. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe kwanza na RITA, wakala wa usajili wa vizazi, na majina yake yafanane na ya cheti cha kidato cha nne. Kama cheti kinasema Mwanaisha na NECTA inasema Mwanaesha, shughulikia leo, kabla hujagusa fomu. Fomu yenyewe inapita kwa mdhamini, serikali ya mtaa na wakili au hakimu, na ukurasa mmoja usiosainiwa unairudisha yote. Kozi za tiba zimo katika kundi la kipaumbele. Utakuja kukatwa asilimia 15 ya mshahara ukishaajiriwa, na ni vizuri mama naye alijue hilo mapema. Kwa wenye ufaulu wa juu kabisa wa sayansi kuna pia Samia Skolashipu, angalia kama jina lako limo kwenye orodha.

MD ni miaka mitano, na utarajali mwaka mmoja. Usidhani ni mteremko kwa kuwa ni nyumbani. Mwaka wa kwanza anatomia, fiziolojia na biokemia zinakuja pamoja, na hapo ndipo sapu (mitihani ya marudio) zinaanza, na watu wanadisko, yaani wanaondolewa chuoni kwa kufeli. Tofauti na kule, hapa unayeanza umeshaingia udaktari. Huombi mara ya pili.

Kuhusu kujifungia Marekani maisha: hujifungii. Mwenye MD ya chuo kilichomo kwenye World Directory of Medical Schools na kinachokubalika kwa ECFMG, taasisi inayokagua vyeti vya madaktari wa nje, anaweza kufanya mitihani ya leseni ya udaktari ya Marekani, USMLE, yaani Step 1, ambayo tangu Januari 2022 ni ya kufaulu au kufeli tu bila alama, na Step 2 CK. Akipata cheti cha ECFMG anaomba nafasi ya ubingwa, na ubingwa Marekani unalipwa mshahara. Katika mgao wa nafasi za ubingwa wa mwaka 2023 na wa 2024, karibu sita kati ya kila kumi ya wahitimu wa nje wasio raia wa Marekani walioshiriki walipata nafasi. Linganisha hilo na mlango wa mgeni wa F-1 kwenye chuo cha udaktari. Na kwa muda, aliyesoma hapa anaweza kuugonga mlango wa ubingwa baada ya miaka sita, wa primedi baada ya minane. Wengi wanaokwenda hivyo hupewa viza ya J-1, ambayo humtaka daktari akimaliza arudi kwao miaka miwili, sharti ambalo nadhani mama yako atalipenda.

Kwa hiyo ushauri wangu ni MD hapa nchini. Ningekwambia nenda kama mambo mawili yangekuwapo kwa pamoja: ufadhili unaofunika gharama zote kwa maandishi, na wewe kuwa radhi na Bayolojia yenyewe hata kama udaktari hautatokea. Si shahada ya kudharau. Majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S yalifanyika Korogwe, hapo hapo mkoani kwenu, na Bagamoyo, na kazi za namna ile zinabebwa na watu wa maabara, wa takwimu na wa wadudu ambao wengi wao hawakusomea udaktari. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ina vituo vya Tanga na Amani. Lakini wewe umesema udaktari hauna mjadala, basi nimekujibu kama mtu anayetaka kutibu.

Rafiki yako sasa. Ana pointi 8, zinapita 6, ila E ya Fizikia iko chini ya D na ndiyo inayomzuia. Anaweza kurudia Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea, mtihani ni Mei. Asidharau karatasi ya tatu, ile ya vitendo: watahiniwa wa kujitegemea wengi huipoteza kwa sababu wanasoma tuisheni ya nadharia mwaka mzima na kugusa vifaa siku ya mtihani. Achague kituo chenye maabara na alipie vipindi vya vitendo mapema. Njia ya pili ni Stashahada ya Tiba, miaka mitatu, kupitia vyuo vinavyosajiliwa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Akitoka na GPA isiyopungua 3.0 anaruhusiwa kuomba MD. Lakini kabla hajalipa ada ya chuo chochote afungue cheti chake cha kidato cha nne: mwongozo unataka angalau D za Hisabati, Kemia, Bayolojia, Fizikia na Kiingereza. Wapo matabibu wazuri waliokwama hapo, wana GPA nzuri na F ya Hisabati ya miaka saba iliyopita. Kama anayo F hiyo, airudie sasa, wakati bado kichwa kina milinganyo.

Kuhusu zile dola 400, usizilipe bado. Mwandikie ofisa udahili wa chuo hicho barua pepe yenye maswali matano: punguzo linadumu miaka yote minne, na kwa sharti la GPA ngapi? Ada imepanda kwa kiasi gani katika miaka mitatu iliyopita? Kemia ya jumla ya kwanza inafundishwa Januari? Wanafunzi wangapi wa kigeni wenye F-1 kutoka chuo hicho wamepata chuo cha udaktari cha Marekani katika miaka mitano, na ni vyuo gani? Naweza kuahirisha udahili mwaka mmoja bila kupoteza punguzo? Swali la nne wakilizungukazunguka, umeshapata jibu. Na masharti ya viza kwa Watanzania yamekuwa yakibadilika, kwa hiyo yasome kwenye tovuti ya ubalozi wenyewe, si kwa wakala wa mjini. Atakayekwenda nje apitie pia TCU kupata hati ya kutokuwa na pingamizi, kwa sababu shahada atakayorudi nayo itaombewa utambuzi hapo hapo.

Huku nyuma jaza maombi ya TCU na ya Bodi, hayamvunjii mtu heshima. Na mjomba usimjibu wewe kwa ujumbe wa simu. Mama yako ndiye dada yake, mwachie amwambie yeye, wewe ukiwa umekaa pembeni na majibu ya yale maswali matano na karatasi ya hesabu. Kisha wewe mshukuru, na mwambie kwamba kama yu radhi kusaidia, sehemu ndogo tu ya zile dola 26,000 za mwaka mmoja inaweza kuziba pengo la ada la chuo binafsi cha hapa kama Bodi itakupa nusu, pamoja na kompyuta mpakato, stethoskopu na vitabu vya anatomia.